Punda wangu mzee anakonda ingawa anakula: nimlishe nini kwa shilingi 150 kwa siku?

Kijana wa Langoni (Lamu) anauliza:

Assalamu alaikum, wazee wangu na ndugu zangu wafugaji.

Ninaomba ushauri kuhusu punda jike niliyeachiwa na marehemu baba yangu. Wazee wa mtaani wanaomfahamu tangu alipovushwa kutoka bara wanakadiria kwamba umri wake umepita miaka 22, na sehemu kubwa ya umri huo aliimaliza akibeba mawe, mchanga na saruji katika vichochoro vya mji wetu. Siku hizi simpakii mzigo mzito; hubeba maji, na mara moja moja mafungu ya nyasi zake mwenyewe, tena kwa umbali mfupi. Pamoja na hayo, tangu kiangazi kilichopita amekonda hadi uti wa mgongo umechomoza na nyama ya mapaja imenywea, ilhali tumbo limebaki kubwa vilevile.

Kinachonishangaza ni kwamba hajakataa chakula. Kila ninapomwekea nyasi huzikimbilia, hutafuna kwa muda mrefu huku ameinamisha kichwa upande mmoja, kisha huangusha chini donge la nyasi lililolowa mate, lenye ukubwa wa yai la kuku, ambalo ukilifungua unaona nyasi zimepindwapindwa tu bila kusagika. Asubuhi huyakuta madonge ya namna hiyo yamezunguka karai lake. Kinyesi chake nacho kina nyuzi ndefu za nyasi, nyingine zikiwa na urefu wa kidole.

Uwezo wangu ni shilingi 150 kwa siku kwa ajili yake yeye peke yake. Nina punda mwingine, dume ambaye bado kijana, na huyo ndiye anayeniletea riziki, kwa hiyo siwezi kupunguza chakula chake. Hadi sasa fedha hizo hununua nyasi kwa wale wanaoleta mafungu mjini asubuhi, na pumba za mahindi kutoka kwa msagaji. Jirani mmoja amenishauri niongeze pumba hadi zijae karai, mwingine anasema nimnunulie mahindi mazima, na wa tatu anashikilia kwamba chakula cha kuku wa mayai ndicho kitakachomrudishia mwili upesi. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze lipi kati ya hayo lina manufaa kabla sijatumia fedha. Sitaki kumwachia azurure majalalani. Baba alimtunza vyema, nami ningependa amalizie umri wake akiwa ameshiba.

Mstaafu wa Mifugo (Mokowe) anajibu:

Waalaikum salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Umeeleza kwa uangalifu mkubwa, na katika maelezo yako hayo madonge ndiyo yanayosema yote. Punda wako hakosi chakula. Anakosa meno ya kukisagia, na kabla hilo halijashughulikiwa, chakula chochote utakachonunua, kiwe rahisi au ghali, nusu yake itaishia sakafuni au kwenye samadi.

Punda mzima ana magego 24, sita kwa kila upande wa kila taya. Magego hayo ni marefu, na sehemu kubwa yake imefichwa ndani ya mfupa. Hujitokeza polepole, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, ili kufidia yanavyolika kwa kutafuna. Mnyama akizeeka, akiba ile iliyofichika huisha. Baadhi ya magego hulegea na kung'oka, na gego linaloelekeana na pengo hurefuka kwa sababu hakuna linalolisaga. Tena taya la juu la punda ni pana kuliko la chini, kwa hiyo kingo za nje za magego ya juu na kingo za ndani za magego ya chini hazikutani sawasawa. Hubaki zimechongoka na kukata mashavu na ulimi. Anapoinamisha kichwa upande mmoja huku akitafuna, kuna mahali panapomuuma.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haitakugharimu kitu. Mpeleke katika hospitali ya punda iliyopo mjini Lamu, ile ya shirika la The Donkey Sanctuary, ambayo imekuwa ikiwatibu punda wa kisiwa chetu bila malipo tangu miaka ya 1980. Waombe wamkague kinywa chote hadi magego ya nyuma kabisa, kwa maana meno ya mbele yanaweza kuwa mazuri ilhali ya nyuma yameharibika. Kingo kali watazisaga kwa tupa maalumu, na gego linalocheza wanaweza kulitoa. Usimkubalie mtu wa mtaani akusagie kwa tupa ya seremala. Gego likipasuka, mzizi huoza ndani ya taya na mnyama huteseka kwa miezi mingi. Kwa punda wa umri huo, ukaguzi wa kinywa ufanywe kila baada ya miezi 6. Siku hiyohiyo wachukue na kinyesi chake wakipime minyoo, kwa sababu tumbo kubwa juu ya mbavu zilizokonda si unene hata kidogo. Huenda ni minyoo, na huenda ni nyasi zisizosagika zinazokawia tumboni.

Sasa chakula chenyewe. Punda si ng'ombe. Ana tumbo moja dogo lisilocheua, na kazi ya kuvunja nyasi hufanywa baadaye, katika utumbo mpana, na bakteria walioumbiwa kuishi kwa nyuzinyuzi. Kwa hiyo nyasi ndizo msingi wa chakula chake, pumba ni kiongezo, na atakayegeuza mpangilio huo atajiletea maradhi kwa fedha zake mwenyewe. Punda wa kwetu mara nyingi ana uzito wa karibu kilo 130, nao huhitaji kwa siku chakula kikavu cha kati ya asilimia 1.5 na 2 ya uzito wa mwili, yaani kilo 2 hadi 2.6. Kumbuka kwamba nimesema kikavu. Nyasi mbichi za wakati wa mvua zina maji mengi, hivyo ili apate kilo 2 za chakula halisi ni lazima ale kilo 8 hadi 10 za nyasi hizo, na mwenye magego mabovu hawezi kuzitafuna zote kabla jua halijazama. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu rundo wanaliona kubwa ilhali kilichoingia mwilini ni kidogo.

Mahindi mazima usimpe. Yale asiyoyatafuna yatatoka kama yalivyoingia, na yale atakayoyavunja yana wanga mwingi, ambao ukifika utumbo mpana huchacha na kutoa asidi. Matokeo yake ni msokoto wa tumbo, au uvimbe wa ndani ya kwato unaomfanya ashindwe kusimama. Mahindi yaliyoota ukungu ni hatari zaidi. Mwaka 2004 aflatoksini iliyokuwa katika mahindi iliua zaidi ya watu 100 katika sehemu za Ukambani, na kwa punda na farasi ipo sumu nyingine ya ukungu wa mahindi, fumonisini, inayoozesha ubongo wenyewe. Pumba nazo hutoka katika mahindi hayohayo, kwa hiyo zinuse kabla ya kulipa, na zikiwa zimeshikana mabonge au zina harufu ya uvundo, ziache.

Ama chakula cha kuku, mwanangu, ninakuomba usikikaribie. Baadhi ya vyakula hivyo huchanganywa na monensini, dawa ya kuwakinga kuku na ugonjwa wa kuhara damu. Kuku huistahimili, lakini kwa punda na farasi dawa hiyo huua misuli ya moyo, tena kwa kiasi kidogo sana, na ukiutazama mfuko huwezi kujua kwa macho ikiwa imo au haimo. Hadhari hiyohiyo uwe nayo kwa vyakula vya ng'ombe vilivyotiwa dawa au yurea.

Mama wa Matondoni anajibu:

Mwanangu, mzee amekwisha kukueleza sababu, nami nitasema juu ya kazi ya mikono, kwa kuwa hapo ndipo shilingi 150 zako zinapoweza kutosha.

Punda mwenye meno mabovu asagiwe nje ya kinywa. Nyasi uzilaze juu ya kigogo, uzikate kwa panga kali hadi ziwe fupi, zisizozidi sentimita 2, kiasi cha pingili ya kidole. Ni kazi ya nusu saa asubuhi na nusu saa jioni kwa aliyezoea. Unaponunua fungu, chagua nyasi zenye majani mengi ambazo hazijatoa mbegu, kwa sababu zikishatoa mbegu shina hugeuka kijiti, na kijiti hakilainiki hata ukikikata namna gani. Usitazame nje ya fungu tu. Tia mkono katikati; ukihisi joto, ujue nyasi zimeanza kuoza ndani, hata kama majani ya juu yanang'aa kwa umande. Kamba za plastiki zilizofungia mafungu zihesabu unapozifungua na uzitupe mbali, kwa maana punda mzee humeza asichoweza kutafuna, na kamba ikijifunga matumboni hakuna dawa ya kunywa itakayoitoa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini majalala yetu bado yana nyuzi za magunia, vipande vya nyavu na pakiti za kila aina, kwa hiyo umefanya vyema kukataa azurure.

Nyasi zilizokatwa, hasa zikiwa kavu, zichanganye na pumba katika karai, umimine maji hadi yazifunike, uziache zilowe kwa muda wa saa moja. Halafu chukua kiasi kidogo ukibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa bado unahisi kitu kigumu katikati, ongeza maji na usubiri. Kikiwa tayari kitakuwa kizito kidogo kuliko uji, na punda atakila bila kukitafuna sana. Kulowesha huku kuna faida nyingine mbili: kunamwongezea maji mwilini, na kunamwepusha kupaliwa, kwa kuwa pumba kavu zikimezwa kwa pupa hukwama kooni. Ukimwona amenyosha shingo, anakohoa, na chakula kinamtoka puani, ondoa chakula na maji mara moja, umwite mtu wa hospitali.

Tumbo lake ni dogo, hivyo mgawie mara nne: alfajiri, kabla ya adhuhuri, alasiri, na baada ya isha. Pumba zisizidi nusu kilo kwa mlo mmoja, na kwa siku nzima kilo moja inamtosha. Sehemu iliyobaki iwe nyasi. Usitengeneze chakula cha siku nzima kwa mkupuo. Kwa joto la huku kwetu, kilicholoweshwa asubuhi huwa kimekwisha chacha ifikapo alasiri, na karai lisilosuguliwa huchachisha hata kile kipya.

Katika kila nyumba hapa kuna kitu kinachotupwa ambacho ni chakula kizuri kwa punda aliyekonda, nacho ni chicha za nazi. Hata baada ya kukamuliwa tui, chicha hubaki na mafuta na nyuzinyuzi, na mafuta hutia mwili nguvu bila ule wanga aliousema mzee. Waombe majirani zako wakuwekee. Anza na konzi moja kwa siku, uongeze kidogo kidogo hadi ufikie konzi mbili kwa kila mlo, ukihakikisha ni chicha za siku ileile, kwa kuwa za jana huwa zimeshachacha. Mageuzi yoyote ya chakula yapitishe katika muda wa wiki mbili, ili wale bakteria wa utumboni wazoee. Maganda ya ndizi na ya tikiti unaweza kumpa kidogo yakiwa yamekatwakatwa, na embe mpe bila kokwa. Maganda ya muhogo mbichi na maharagwe mabichi ni sumu, wali na mkate vina wanga mwingi mno, na mbarika usiuache ukue karibu na banda, kwa maana mbegu chache tu zinaweza kumwua.

Jambo la mwisho ni yule dume. Kama wanakula pamoja, sehemu kubwa ya uji huo huenda inaingia tumboni mwake. Mfunge kwa kamba hatua chache kando, mpe nyasi ndefu kavu ambazo yeye anazimudu, na uhakikishe kwamba wanaonana. Usimhamishie nyumba nyingine. Punda waliozoeana wakitenganishwa huhuzunika, na mzee anaweza kuacha kula kabisa.

Mkokoteni wa Malindi anajibu:

Ninawaheshimu waliotangulia na sina la kupinga, isipokuwa ninaona jambo moja kubwa limesahauliwa, nalo ni kalsiamu. Sisi tunaoishi na punda wa mikokoteni huku Malindi tunawaona wengi wao wakilishwa pumba kwa miaka, halafu mifupa ya uso inavimba, taya linanenepa na magego yanalegea, na watu husema ni uzee. Mara nyingi ni ugonjwa wa lishe. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu haba; katika pumba za ngano, fosforasi inakaribia mara nane hadi kumi ya kalsiamu, na za mahindi nazo zimeelemea upande huohuo. Mwili unapokosa kalsiamu chakulani huichukua mifupani, na mfupa wa taya ni miongoni mwa ile inayoharibika mapema. Ndiyo maana ushauri wa kujaza pumba kwenye karai ungemdhuru punda huyu palepale alipo dhaifu, yaani kwenye mizizi ya meno aliyobakiza.

Dawa yake ni rahisi na ni nafuu. Nunua chokaa ya mifugo katika duka la dawa za mifugo, ile ya mawe yaliyosagwa ambayo wafugaji wa kuku huongeza kwenye chakula ili maganda ya mayai yawe magumu, ikiwa peke yake bila kuchanganywa na kitu kingine. Kijiko kikubwa kimoja kwa kila nusu kilo ya pumba kinatosha, ukikoroge vizuri ndani ya ule uji. Ninasisitiza kwamba isiwe chokaa ya kujengea, hii inayochomwa kutokana na matumbawe, kwa sababu hiyo huunguza kinywa na koo. Chumvi ya kawaida nayo mwekee pembeni alambe anapotaka.

Nyasi za nepia, ambazo watu wanazisifu kwa kuwa zinakua haraka, zina oksaleti zinazoshikana na kalsiamu na kuizuia isiingie mwilini, kwa hiyo mwenye kulisha nepia na pumba pekee anamwondolea mnyama kalsiamu kwa njia mbili. Changanya na nyasi za porini, na ukipata majani ya kunde yaliyokaushwa, yale ambayo wakulima wa vijiji vya Hindi na Witu huyang'oa baada ya mavuno, nunua gunia. Yana kalsiamu na protini, ambavyo punda mzee anavihitaji kuliko kijana ili ajenge upya nyama iliyonywea. Kwa protini pia kuna mashudu ya simsim, na simsim kwenu Lamu inalimwa kwa wingi. Konzi moja kwa siku inatosha. Lusina, ule mti ambao majani yake hulishwa mifugo, kwa upande mwingine, ninaomba usiige kwa wafugaji wa ng'ombe. Ina kitu kiitwacho mimosini, na punda anayelishwa majani hayo kila siku hunyonyoka manyoya ya shingo na ya mkia, na kwato zake huharibika.

Kuhusu fedha, mimi ningezigawa hivi: shilingi 100 kwa nyasi, 30 kwa pumba, na 20 zinazobaki ningeziweka kila siku hadi mwisho wa wiki ili zinunue mashudu, majani ya kunde, chumvi au chokaa, kimoja baada ya kingine, kwa kuwa vyote hivyo hutumika kidogo kidogo na hukaa muda mrefu. Chicha ni za bure. Wakati wa masika nyasi zinapokuwa tele, ile 100 itapungua, na hicho kitakachobaki kiwe akiba ya kiangazi.

Kijana wa Langoni (Lamu) anaandika tena:

Ninawashukuru nyote kwa moyo mmoja. Nimekwisha kumpeleka hospitalini. Wamekuta kingo kali pande zote mbili, kidonda kwenye shavu la kulia, na gego moja la nyuma lililokuwa linacheza, ambalo wamelitoa. Kingo zimesagwa, dawa ya minyoo amepewa kulingana na uzito wake, na wameniambia maneno yaleyale aliyoyasema Mama wa Matondoni kuhusu kukata na kulowesha. Sasa anakula uji wake hadi analamba karai, na madonge yamepungua sana, ijapokuwa nyasi ndefu bado zinamshinda.

Nimebakiwa na maswali matatu. Bila mizani, nitajuaje kwamba mwili unarudi, na nitarajie baada ya muda gani? Je, nimwache kabisa asifanye kazi? Na hizo nyasi za akiba, mtu asiye na shamba wala ghala azihifadhi vipi katika mji wenye unyevu wa bahari kama huu wetu?

Mstaafu wa Mifugo (Mokowe) anajibu:

Alhamdulillahi, hiyo ni habari njema. Kwa uzito, usiyaamini macho, kwa sababu anayemwona mnyama kila siku haoni mabadiliko, na manyoya marefu ya punda mzee huficha mengi. Tumia mkono na kamba. Pitisha vidole bapa juu ya mbavu na juu ya uti wa mgongo bila kukandamiza. Lengo ni kwamba mbavu uzihisi kwa urahisi chini ya tabaka jembamba la nyama lakini usizione, na uti wa mgongo usikukwaruze kiganja. Kisha zungusha kamba kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, ufunge fundo inapokutania. Rudia kila baada ya wiki mbili kwa kamba ileile na saa ileile, na kamba ikihitaji kurefushwa kupita fundo la kwanza ujue mwili unaongezeka. Usitarajie kuona kitu katika siku chache. Kwa punda wa umri huo ni kazi ya miezi. Akishafikia hali nzuri, punguza chicha na pumba, kwa kuwa unene nao unamdhuru.

Kazi usimwachishe kabisa, kwa maana kutembea kunasaidia matumbo na viungo, lakini asibebe chochote mgongoni maadamu uti umechomoza. Shogi likikaa juu ya mfupa usio na nyama litamtoboa ngozi kabla hujamaliza mtaa mmoja. Mwongoze kwa kamba akiwa mtupu, asubuhi na jioni. Maji safi yawepo kivulini muda wote, na kama kisima chenu ni cha maji ya chumvi, mtafutie ya tamu, kwa sababu akinywa kidogo, zile nyuzinyuzi zitakauka tumboni na kumziba.

Na ninakuomba ulishike hili kuliko mengine yote. Punda akiacha kula, mwili wake huanza kuyayusha mafuta na kuyamwaga kwenye damu kwa wingi kupita kiasi ambacho ini linaweza kukishughulikia, na hali hiyo huua. Wazee na wanene wako katika hatari kubwa zaidi. Punda tena huficha maumivu. Hagaagai ovyo kama farasi, bali husimama kimya akiwa ameinamisha kichwa. Kwa hiyo akikataa uji wake kwa siku nzima, au akasimama kimya mbali na mwenzake, usingoje kesho. Mpeleke hospitalini siku hiyohiyo.

Mama wa Matondoni anajibu:

Nami nikujibu la nyasi. Nunua au ukakate mwenyewe mvua za masika zinapoanza kukatika, wakati nyasi ziko tele na bei imeshuka, nazo ziwe zimeanza kuchanua lakini hazijakomaza mbegu. Zitandaze juani katika tabaka jembamba, juu ya dari ya nyumba au penye sakafu ngumu, kamwe si juu ya mchanga, kwa maana mchanga utakaoshikamana nazo utaishia kujaa utumboni mwake. Zigeuze mara kadhaa kwa siku, na kabla ya umande wa magharibi zikusanye uzifunike. Baada ya siku mbili au tatu za jua kali, sokota shada moja kwa nguvu. Likikatika kwa mlio, zimekauka, na likipindika tu, zirudishe juani.

Usiziweke sakafuni wala kuziegemeza kwenye ukuta wa mawe, kwa kuwa kuta zetu hunyonya unyevu. Panga boriti au vipande vya mbao chini, uziweke juu yake chini ya paa la makuti, uache nafasi ya upepo kupita pande zote, na usizifunike kwa turubai moja kwa moja. Wiki ya kwanza tia mkono katikati ya rundo kila siku, na ukihisi joto zifungue uzitandaze tena. Rundo likikaa vyema litafika hadi Januari na Februari, wakati fungu moja linapopanda bei na kupungua ukubwa. Zile utakazozikuta zimeota ukungu, hata kama ni kidogo, usimtandikie wala usimpe yule dume. Zichome mbali na banda.